Kutunza na Kukarabati Magari ya Kale: Anza na Yasiyoonekana

Gari la kale huharibika zaidi linapokaa kuliko linapotembea. Mipira hukauka, petroli hugeuka gundi, maji yaliyojipenyeza kwenye mafuta ya breki hutafuna silinda kutoka ndani, na kutu huendelea na kazi yake usiku na mchana. Ndiyo maana mtu aliyenunua gari la mwaka 1965 lenye rangi inayong'aa, lakini lililofungiwa bandani kwa miaka mingi, mara nyingi amejinunulia kazi kubwa kuliko mwenzake aliyechukua gari la umri huohuo lenye rangi iliyopauka ambalo hutembea kila juma. Mpangilio wa maelekezo haya unafuata ukweli huo: usalama na mitambo kwanza, bati baadaye, na rangi mwishoni kabisa, ingawa karibu kila mmiliki mpya hutamani kuanza na rangi.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa angalau miaka 30, likitunzwa katika hali inayolingana na historia yake, na lisipotumiwa kwa safari za kila siku. Shirikisho hilohilo, katika mwongozo wake unaojulikana kama Mkataba wa Turin, linatenganisha kazi ya kuhifadhi na ile ya kukarabati, na linataka kisibadilishwe zaidi ya kile kinacholazimu. Msimamo huo una faida hata kwa asiyejali historia. Kiti chenye nyufa kinaweza kushonwa upya mwaka wowote, lakini ngozi ya kiwandani ikishatupwa hairudi, na fundi aliyeondoa kila kitu siku ya kwanza hana tena mfano wa kufuata anapoanza kurudisha. Basi amua mapema kama gari linahitaji kufufuliwa ili litembee, kutunzwa lilivyo, au kufumuliwa lote mpaka kubaki chesisi tupu. Magari mengi yanayofumuliwa lote na watu wasio na nafasi, vifaa na miaka ya kutosha huishia kuuzwa yakiwa ndani ya maboksi.

Kabla ya kufungua nati ya kwanza

Tafuta kitabu cha ufundi kilichotolewa na kiwanda kwa ajili ya aina hiyo ya gari na mwaka wake, kisha linganisha namba ya chesisi na ya injini na maelezo yaliyomo. Magari ya zamani yalibadilishwa katikati ya mwaka bila taarifa kubwa, na kipuri cha gari la mwaka uleule kinaweza kukataa kuingia kwa sababu tu gari lako lilitoka kiwandani miezi michache kabla ya mabadiliko. Piga picha kila sehemu kabla ya kuifungua, kutoka pembe mbili au tatu. Bolti za kila sehemu ziingie kwenye mfuko wao wenye maandishi yasiyofutika yanayosema zimetoka wapi, upande gani, na washa zilipangwaje.

Jambo linalowashtua wengi ni vipimo vya nati. Magari ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 yalitumia kwa kiasi kikubwa nyuzi za Whitworth, mfumo uliobuniwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, kabla ya vipimo vingine vya inchi kushika nafasi. Magari ya Ujerumani, Ufaransa na Japani kwa kawaida hutumia milimita. Spana inayokaribia kuingia si spana ya nati hiyo. Itakula kona zake, na kazi ya dakika moja itageuka kazi ya msumeno.

Bolti iliyoshikwa na kutu ishughulikiwe kwa utaratibu. Inyunyizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, urudie asubuhi, kisha uigonge kichwani kwa nyundo mara kadhaa ili mtikisiko uvunje kutu iliyo kwenye nyuzi. Ikianza kusogea, usiifungue moja kwa moja: izungushe robo, irudishe nyuma kidogo, ongeza mafuta, izungushe tena. Kutu iliyosagika hujazana kwenye nyuzi na kuikwamisha bolti upya, na hapo ndipo inapokatika mikononi mwa mtu aliyeanza kufurahi. Ikigoma kabisa, moto husaidia, mradi hapana mpira, petroli wala waya karibu.

Neno moja la usalama, na halina mjadala: usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi imara, kwenye sakafu ngumu na tambarare, kisha ulisukume kwa mkono kabla ya kulala chini yake.

Kuamsha injini iliyolala

Kosa kubwa linalofanywa na watu wenye shauku ni kufunga betri mpya na kupiga stata. Injini iliyokaa miaka inaweza kuwa na ringi za pistoni zilizoshikana na kuta za silinda kwa kutu nyembamba, au vali zilizoganda kwenye njia zake. Stata ina nguvu ya kutosha kupinda fito za kusukumia vali na kuvunja ringi, na injini iliyokuwa nzima inakuwa ya kufunguliwa.

Ondoa plagi zote, ukiandika kila moja imetoka silinda gani, kwa sababu rangi ya ncha yake ni taarifa: kahawia hafifu ni afya, nyeusi kavu kama masizi ni petroli nyingi mno, nyeusi yenye unyevu wa mafuta ni oili inayopenya. Mimina kiasi cha kijiko cha chakula cha oili nyepesi au mafuta ya kulegeza kutu katika kila silinda, kisha uache kwa siku moja au zaidi. Baada ya hapo weka gia huru, shika nati iliyo mbele ya krankishafti kwa spana ndefu, na uzungushe polepole kwa mkono. Unatafuta mzunguko laini usio na mahali pa kukwama. Ikigoma, ongeza mafuta na usubiri tena. Injini zilizosubiriwa kwa majuma kadhaa zimewahi kulegea bila kuvunjwa chochote.

Wakati unazungusha, fungua kifuniko cha vali na uangalie kila vali ikishuka na kupanda. Inayobaki chini imeganda, nayo itagongwa na pistoni siku utakapowasha. Ikilegea kwa mafuta na kugongwa taratibu kwa nyundo ya mbao, vizuri. Isipolegea, silinda hedi itoke.

Sasa mwaga oili ya zamani na utazame kilichotangulia kutoka. Maji hutuama chini kabisa, kwa hiyo hutoka kwanza, na oili yenye rangi ya maziwa inasema kwamba maji yamechanganyika nayo. Weka oili mpya na filta mpya kama injini ina filta. Volkswagen Beetle, ambayo zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa mpaka ya mwisho ilipotoka kiwandani Mexico mwaka 2003, ina kichujio cha waya tu na oili ya lita 2.5 hivi, na ndiyo sababu oili yake hubadilishwa mapema kuliko ya magari mengine. Kisha, plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ionyeshe presha ya oili au taa yake izime. Bila plagi hakuna mgandamizo, na beringi hupata oili kabla ya kubeba mzigo.

Pima mgandamizo wa kila silinda. Tarakimu yenyewe hutegemea aina ya injini, lakini silinda zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Moja ikiwa chini, mimina oili kidogo ndani yake na upime upya: kipimo kikipanda, ringi zimechoka, kikibaki palepale, tatizo liko kwenye vali au gasketi ya hedi. Jaribio hili hufanyika ndani ya nusu saa, na linakuambia kama utaifungua injini au utaiacha ilivyo.

Kwa uwashaji wa kwanza usitumie petroli iliyomo tangini. Petroli iliyooza hunuka kama vanishi, na takataka zake zitaziba kabureta uliyotoka kuisafisha. Tumia chombo kidogo safi kilichofungwa vizuri mbali na joto, na kizima moto kiwe mkononi mwa mtu wa pili, si ndani ya kabati.

Breki

Hapa hapana nafasi ya kubana matumizi. Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo mpira mmoja wa kupitishia mafuta hayo ukipasuka breki zote za mguu hupotea pamoja, na kinachobaki kwa dereva ni breki ya mkono peke yake. Gari lililokaa muda mrefu libadilishiwe mipira yote ya breki, sili zote za mastasilinda na za silinda za magurudumu, na mafuta yote, hata kama pedali inasimama imara.

Toa dramu na usivute pumzi karibu nayo. Brekishuu na sahani za klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu kwa namna isiyotibika. Usilipulize kwa kompresa wala kulifagia kwa brashi kavu. Lilowanishe, lipanguse kwa kitambaa chenye maji, ukitumia barakoa ya vumbi laini, kisha ufunge kitambaa hicho ndani ya mfuko. Baada ya hapo kunja kidogo ukingo wa mpira wa vumbi kwenye silinda ya gurudumu. Ukikuta unyevu, sili inavuja. Ukikuta ukungu wa kahawia na vishimo vidogo kwenye ukuta wa ndani wa silinda, usidanganyike na sili mpya: kingo za vishimo zitaichana baada ya muda mfupi. Silinda kama hiyo huwekewa bomba jipya la ndani na fundi wa mashine, au hubadilishwa.

Kuna ubovu mmoja ambao huwapotosha hata mafundi wazoefu. Mpira wa breki unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ukiwa umevimba kwa ndani. Mguu una nguvu ya kutosha kusukuma mafuta yapite, lakini springi za brekishuu hazina nguvu ya kuyarudisha, na breki inabaki imeshika. Gari huvuta upande mmoja, na rimu ya gurudumu hilo huwa ya moto kuliko nyingine baada ya safari fupi. Watu hubadilisha silinda na shuu bila mafanikio, kumbe ni kipande cha mpira.

Kuhusu mafuta yenyewe, madaraja ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Sentigredi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155, na mafuta yanayochemka mlimani hugeuka mvuke unaoiacha pedali ikizama hadi sakafuni. Badilisha kila baada ya miaka miwili, na uyafute mara moja yanapodondokea rangi, kwa maana huibabua. DOT 5 ya silikoni haidhuru rangi wala hainyonyi maji, lakini haichanganywi na nyingine, ilhali DOT 5.1, licha ya jina lake, ni ya ukoo wa DOT 4. Yapo pia magari yasiyotumia kabisa mafuta ya namna hii. Citroën DS, iliyozinduliwa mwaka 1955, ilianza na mafuta mekundu ya haidroliki, na baadaye ikahamia mafuta ya kijani ya madini. Ukiweka ya aina moja kwenye mfumo wa nyingine, sili zote zinaharibika. Soma kibandiko, kisha soma kitabu.

Tairi nazo zina umri, hata kama kashata zake ni nzima. Tangu mwaka 2000 tarehe ya kutengenezwa huandikwa ubavuni kwa tarakimu 4: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Alama yenye tarakimu 3 tu ina maana kwamba tairi ni la karne iliyopita, na linafaa kusukumia gari bandani, basi. Usichanganye matairi ya kale ya nyuzi za mshazari na ya radiali kwenye ekseli moja.

Petroli, cheche na umeme

Madini ya risasi yaliyochanganywa kwenye petroli, ambayo uwezo wake wa kuzuia injini kugonga uligunduliwa kwenye maabara ya General Motors mwaka 1921, yalilinda pia viti vya vali vya chuma laini. Petroli ya risasi ilitoweka vituoni duniani mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho kuiacha. Je, kila injini ya zamani ifunguliwe? La. Inayoendeshwa kwa upole hudumu miaka mingi. Pima nafasi za vali mara kwa mara na uandike tarakimu. Nafasi ya vali ya moshi ikizidi kupungua kila unaporekebisha, kiti kinaliwa, na siku hedi itakapotoka kwa sababu yoyote ndiyo siku ya kuweka viti vigumu. Adui wa karibu zaidi ni ethanoli, ambayo hulainisha mipira ya zamani ya petroli mpaka ikavuja juu ya injini yenye moto. Badilisha mipira yote kwa ile iliyoandikwa kuwa inastahimili ethanoli, na usisahau kipande kifupi kilichojificha kati ya tangi na bomba la chuma.

Injini inapokoroma au kukosa nguvu, lawama hutupiwa kabureta. Kwa maoni yangu kabureta ndiyo iguswe mwisho. Anza na platini, au pointi kama mafundi wengi wanavyoziita, yaani swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme ili cheche itoke. Fungua kifuniko cha distributa, zungusha injini mpaka kisigino cha platini kikae juu kabisa ya pembe ya kamu, ndipo upime nafasi, ambayo kwa magari mengi huwa karibu milimita 0.4. Bamba la kupimia lipite likikwaruza kidogo sana pande zote mbili, bila kuisukuma platini ifunguke. Ukiona kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, usihangaike kuzisugua. Weka mpya pamoja na kondensa yake, paka grisi kidogo mno kwenye kamu ili kisigino kisilike, kisha urekebishe taiming, yaani wakati cheche inapotoka, kwa kuwa nafasi ikibadilika taiming nayo hubadilika. Ukiamua kuweka mfumo wa kielektroniki chini ya kifuniko hichohicho, ni uamuzi mzuri kwa anayesafiri mbali, lakini platini za zamani zitunzwe ndani ya gari.

Cheche ikishakuwa ya buluu na yenye nguvu, angalia hewa inayoingia kinyemela kwenye gasketi chini ya kabureta, kisha kiwango cha petroli kwenye boya, na mwisho kabisa skrubu za kurekebishia.

Upande wa umeme, fahamu kwanza kama gari lako limeunganisha upande hasi au chanya wa betri kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza mpaka miaka ya 1960 yalitumia chanya, na kugeuza betri kwa mazoea kunaunguza redio na vifaa vyovyote vya kielektroniki vilivyoongezwa. Jua pia kama ni volti 6 au 12. Volti 6 huhitaji mkondo mara mbili kwa kazi ileile, hivyo waya zake ni nene, na kuweka waya nyembamba za gari la kisasa ni kutafuta moto. Taa hafifu mara nyingi si ugonjwa wa dainamo bali wa maungio yenye kutu kati ya taa na bodi. Weka maltimita kati ya chuma cha taa na ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi, taa ikiwaka: ikionyesha nusu volti au zaidi, sugua maungio mpaka chuma king'ae, yakaze, uyafunike kwa grisi. Waya zilizovikwa kitambaa zikianza kumeguka zikipindwa, zibadilishwe zote kwa pamoja. Swichi ya kukatia betri ni kitu kidogo, na imeokoa magari mengi yanayolala ndani ya majengo.

Oili, maji na grisi

Oili mpya ya bei ya juu si lazima iwe bora kwa injini ya zamani. Kamshafti inayosuguana moja kwa moja na tapeti bapa inahitaji zinki na fosforasi ambazo zimepunguzwa kwenye oili nyingi za kisasa ili kulinda vichujio vya moshi. Tafuta oili inayotaja magari ya kale, mara nyingi ya unene wa 20W-50. Kwenye giaboksi tahadhari ni ya namna nyingine: oili ya daraja la GL-5 ina viungo vinavyoweza kula shaba nyeupe na shaba nyekundu zilizomo, kwa hiyo pale kitabu kinapotaka GL-4, iwe GL-4.

Mwenye Triumph Herald au Spitfire azingatie jambo moja. Kiungo cha chini cha usukani wa mbele, kinachozunguka kwenye nyuzi, hutakiwa kujazwa oili nzito ya gia, wala si grisi. Grisi hukauka ndani, nyuzi hukosa ulainisho, kiungo hukatika na gurudumu hulala ubavu gari likiwa barabarani. Kwa magari mengine, safisha kila nipo, yaani tundu la kuingizia grisi, kabla ya kuiingiza, ukiendelea mpaka grisi chafu itoke na safi ionekane.

Mafundi wengi wana mazoea ya kuondoa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata joto, injini inapochemka. Injini isiyofikia joto lake hula petroli zaidi, huchafua oili na huchakaa upesi, na chanzo cha kuchemka kinabaki palepale: rejeta iliyoziba, mkanda wa feni uliolegea, taiming iliyochelewa. Zungusha maji kwenye rejeta kinyume cha mwelekeo wake wa kawaida mpaka yatoke safi. Kisha tumia mchanganyiko wa nusu maji yaliyochujwa na nusu kipozeo cha aina ya zamani, kwa kuwa baadhi ya vipozeo vya kisasa vya muda mrefu havipatani na risasi ya kuchomelea rejeta. Rangi ya kipozeo haikuambii aina yake, soma maandishi. Hata pasipo baridi ya kugandisha, kipozeo kinahitajika kwa ajili ya viungo vyake vya kuzuia kutu. Ladha yake ni tamu na ni sumu, basi kisiachwe ndani ya beseni mahali penye watoto au wanyama.

Gari litakalopumzika kwa miezi liachwe na oili mpya, tangi lililojaa ili unyevu usipate ukuta wa kugandia, breki ya mkono ikiwa imefunguliwa na magurudumu yamezuiwa kwa vigingi, betri ikiwa kwenye chaja ndogo ya kujizima, na turubai linalopitisha hewa. Kuliwasha kwa dakika 5 kila juma kunadhuru: maji yanayotokana na moto wa petroli hubaki kwenye oili na kwenye bomba la moshi kwa sababu joto halikutosha kuyakausha. Liendeshwe nusu saa, au liachwe kabisa.

Kutu na bati

Chukua sumaku dhaifu iliyofunikwa kitambaa na uipitishe juu ya bodi nzima. Inapokataa kushika pana fila nene, yaani ute wa kusawazishia bati, na chini ya fila pana kitu kilichofichwa. Kisha bisibisi butu: gonga vizingiti vya chini ya milango, sakafu chini ya zulia, sehemu za ndani za matao ya magurudumu, kitako cha betri, na mahali springi zinapofungwa kwenye bodi. Bati zima hulia, bati lililooza hukaa kimya au hutoboka. Chanzo cha kutu nyingi ni matundu ya kutolea maji yaliyoziba chini ya milango na chini ya kioo cha mbele. Yazibue kwanza, la sivyo bati jipya litafuata la zamani. Kwenye magari kama Land Rover za mwanzo, ambazo bodi yake ni ya alumini juu ya chuma, angalia maungio ya metali hizo mbili, kwani alumini huliwa pale zinapogusana penye unyevu.

Vipande vidogo vilivyojaa kutu, kama mabano na bawaba, husafika vizuri kwa umeme. Jaza ndoo ya plastiki maji, koroga magadi ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita, ning'iniza kipande hicho kikiwa kimeunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na upande chanya uunganishe na kipande cha chuma cha kutupa, visigusane. Baada ya muda mfupi mapovu madogo hupanda kutoka kwenye kipande na maji hugeuka rangi ya udongo. Baada ya saa kadhaa kutu huwa imegeuka unga mweusi unaotoka kwa brashi, na chuma kizima hakijaguswa. Mapovu hayo ni haidrojeni inayolipuka, kwa hiyo kazi ifanyike nje, na chaja izimwe kabla ya kugusa waya. Chuma kisichoshika kutu kisitumike kamwe kwa upande chanya, kwani huingiza kromu ya sumu ndani ya maji.

Bati lililooza likatwe mpaka kwenye chuma safi. Kabla ya kukata kizingiti cha gari lisilo na chesisi ya peke yake, pima nafasi kati ya mlango na bodi, kisha chomelea fito za muda ndani ya mlango ili bodi isijikunje. Asiyefanya hivyo hugundua mwishoni kwamba milango haifungi tena. Betri itoke, tangi la petroli litoke kabisa, na mazulia yatoke. Bati la bodi kwa kawaida halizidi sana milimita 1, hivyo huchomelewa kwa vidoto vilivyoachana, ukirukaruka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na kuacha papoe, mpaka vidoto vikutane. Mstari mmoja mrefu hulipinda bati kama karatasi iliyolowa. Fila ni ya kusawazisha unene wa milimita 2 au 3, si ya kuziba matundu. Ndani ya vizingiti na nguzo, ambamo brashi haifiki, puliza nta ya kuzuia kutu baada ya rangi kukauka.

Rangi ina uzuri wake lakini haina mengi ya kusema hapa. Ya zamani yaweza kuwa na risasi, basi isuguliwe kwa msasa wa maji. Rangi za kisasa za kuchanganya na kigumushi zina isosianati, kemikali zenye sumu ambazo barakoa ya kawaida haizizuii, na kupulizwa kwake kunahitaji chumba maalumu na kofia inayoletewa hewa safi. Andaa bodi mwenyewe, msasa wa 80 mpaka wa 600, kisha umpelekee mwenye chumba hicho.

Kilomita za kwanza

Gari likirudi barabarani, safari ya kwanza iwe ya mwendo mdogo mahali patupu, ukijaribu breki mara nyingi kwa mwendo unaoongezeka. Rudi, gusa rimu zote nne kwa tahadhari ulinganishe joto lake, tandaza kadibodi chini ya injini na uiache usiku kucha. Doa jekundu au la kahawia hukuambia uvujaji umetoka wapi kabla hujalala chini kutafuta. Injini iliyofunguliwa hukazwa upya bolti za hedi baada ya kilomita 500 hivi, kama kitabu kinavyoelekeza, kwa spana yenye kipimo na kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda nje. Nafasi za vali hupimwa tena siku hiyohiyo, na oili humwagwa hata kama inaonekana safi. Kaza upya nati za magurudumu, za springi na za usukani. Mpaka hapo viti, mazulia na mapambo ya kromu vingali rafuni, maana kila kimojawapo kingelazimika kutoka tena kama waya mmoja au bomba moja lingehitaji kufikiwa.